Neno na Mbofyo: Uhakiki wa Kiswahili cha Chapa katika Mitandao ya Kijamii

Ikisiri

Makala hii inahakiki Kiswahili cha matangazo ya biashara katika mitandao ya kijamii, hasa nchini Tanzania na Kenya. Uuzaji wa siku hizi unajinadi kuwa unapimwa kwa matokeo: idadi ya waliotazama, waliobofya na walionunua. Tunauliza ni lugha ya namna gani inayozalishwa na kipimo hicho, na kama lugha hiyo ndiyo inayoipa chapa upekee wake. Kwa kuchunguza upatanisho wa kisarufi, majina ya kanga na kaulimbiu kadhaa zinazojulikana, tunadai kwamba kaulimbiu zilizodumu ni zile zilizomwachia msemaji wa Kiswahili nafasi ya kuzitumia katika shughuli zake mwenyewe, na kwamba kipimo cha mbofyo hakina namna ya kulitambua jambo hilo.

Utangulizi

Miaka michache iliyopita wakala mmoja wa matangazo aliniomba nimsahihishie Kiswahili cha tangazo la mteja wake, muuzaji wa vyombo vya nyumbani. Tangazo lilikuwa na picha ya majokofu na neno moja tu juu yake: “Zimeshuka!” Kwa mazoea ya mwalimu wa sintaksia niliona sentensi isiyo na kiima cha wazi, nikaandika pembeni: “Bei za bidhaa zetu zimeshuka.” Wakala alinishukuru, akanilipa, kisha akayarusha matangazo yote mawili kwa wakati mmoja ili aone lipi litabofywa zaidi. Baada ya siku chache alinipigia simu kunieleza, kwa upole uliozidi kuniudhi, kwamba langu alikuwa ameliondoa.

Nilikasirika kwa siku mbili, kisha nikaanza kufikiri. Kiambishi zi- katika “Zimeshuka!” ni upatanisho uliotangulia nomino yake. Msomaji anayepita haraka anaiona picha, anaona kitenzi, na nomino bei anaitamka mwenyewe. Sentensi yangu ilikuwa imemaliza kazi yote, ikamwacha msomaji bila la kufanya. Kwa hiyo katika raundi ya kwanza kipimo cha matokeo kilisema kweli, na msahihishaji alikosea.

Lakini kisa hiki kina sehemu ya pili. Wiki chache baadaye “Zimeshuka!” nayo ilipigwa na tangazo jingine lililoandikwa “BURE” kwa herufi kubwa, likiahidi kumpelekea mteja mzigo wake nyumbani bila malipo. Kabla mwezi haujaisha, wauzaji wengine wa bidhaa zilezile nao walikuwa wameandika BURE, kwa rangi zilezile, na mimi niliyekuwa nikiwafuatilia kwa shauku ya mtu aliyeshindwa sikuweza tena kulitofautisha duka moja na jingine. Kipimo kilekile kilichonisahihisha ndicho kilichowafikisha wote mahali pamoja.

Hapo ndipo lilipo swali la makala hii. Uuzaji unaoongozwa na matokeo na chapa yenye upekee hutajwa kwa pumzi moja katika matangazo ya wakala wa mitandaoni, kana kwamba cha kwanza huzaa cha pili. Wataalamu wa masoko wenyewe hawakubaliani juu ya hilo. Byron Sharp, katika How Brands Grow (2010), na Jenni Romaniuk, katika Building Distinctive Brand Assets (2018), wanashikilia kwamba chapa huishi kwa kutambulikana: rangi, umbo, sauti au neno linaloikumbusha mara moja. Les Binet na Peter Field, katika The Long and the Short of It (2013), walitenganisha matangazo yanayochochea mauzo ya papo hapo na yale yanayoijenga chapa kwa miaka, wakaonesha kwamba aina hizi mbili hazifanyi kazi kwa namna moja na kwamba anayekimbilia vipimo vya muda mfupi huipunja aina ya pili. Mjadala wao unahusu fedha. Hata hivyo, kinachobishaniwa kwa sehemu kubwa ni maneno, na maneno ni eneo letu.

Sisi tumelishughulikiaje eneo hilo? Kwa kiasi kikubwa tumeorodhesha makosa. Tasnifu za uzamili kuhusu Kiswahili cha mabango na matangazo, nyingine nimezisimamia mwenyewe, zina mpangilio unaofahamika: makosa ya tahajia, makosa ya upatanisho, kuchanganya msimbo, mapendekezo kwa mabaraza ya lugha. Kazi hizo zina thamani yake, ila haziwezi kueleza kwa nini tangazo lenye “kosa” linakumbukwa na lililo sanifu linasahaulika. Geoffrey Leech aliyachunguza matangazo ya Kiingereza kama mtindo wenye sarufi yake tangu 1966. Tumechelewa.

Chapa na ngeli yake

Neno chapa lenyewe lina historia ya biashara. Lilitufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi kutoka lugha za Bara Hindi likiwa na maana ya muhuri au alama iliyogandamizwa; limetupatia kupiga chapa na mpigachapa, na tangu zamani limetumika kwa alama ya bidhaa. Maana hiyo ya mwisho ilikuwa ya macho na mdomo kwa pamoja. Mnunuzi aliyesimama mbele ya kaunta hakuhitaji kusoma; alihitaji picha anayoweza kuitaja. Ndiyo maana saruji ya Wazo Hill ni Twiga, ya Tanga ni Simba na ya Mbeya ni Tembo. Na jikoni kwa Mkenya kuna unga wa Jogoo na mafuta ya Kasuku.

Linalomvutia mwanaisimu ni kinachotokea kwa upatanisho. Twiga wa mbugani ni wa ngeli ya A-WA: twiga amepita. Twiga wa dukani amehama: Twiga imepanda bei. Anayesema “Twiga amepanda bei” anatania, na wanaomsikiliza watacheka. Jina la mnyama linapoacha kuchukua a- na kuanza kuchukua i-, wasemaji wamelikubali kuwa chapa, bila kumwuliza mtu yeyote wa masoko. Sijui kipimo kingine cha kutambulikana kwa chapa kilicho rahisi na cha kuaminika kama hiki, na hakuna mfumo wa takwimu wa mtandao wa kijamii unaokifuatilia.

Soka linatuonesha jambo hili likiwa katika mwendo. Klabu ya Simba, iliyoanzishwa 1936 na kuchukua jina hilo 1971, hupatanishwa kwa namna tatu, wakati mwingine ndani ya taarifa moja. Simba imefungwa ni taasisi; msomaji wa habari husema hivyo. Simba wamefungwa ni watu, wachezaji na pengine mashabiki pamoja nao. Simba kafungwa, au Mnyama kafungwa, ni yule mnyama wa nembo, na mara nyingi anayesema hivyo ni shabiki wa Yanga. Ukurasa wa klabu mtandaoni unapouza tiketi huandika kwa i-, unapoomboleza huandika kwa wa-, na unapotamba humrudia mnyama. Anayeziandika kurasa hizo huenda hajui kwamba anabadili ngeli, lakini anajua anamwuzia nani.

Upo pia mwelekeo wa kinyume, wa chapa inayomezwa na lugha. Bajaj ni kampuni ya India. Bajaji ni chombo chochote cha magurudumu matatu, cha kampuni yoyote. Wanasheria wa alama za biashara huliogopa jambo hili kwa sababu jina likishakuwa la wote haliwezi kulindwa. Kwa mtazamo wa lugha, huo ndio ushindi mkubwa ambao jina linaweza kuupata. Na pale kampuni isipotoa jina linalotamkika, wasemaji hutoa lao: simu ndogo yenye tochi iliitwa mulika mwizi Kenya na kitochi Tanzania, na hakuna mtengenezaji wa simu aliyelipia majina hayo.

Kanga kama kipimo cha kale

Yeyote anayedhani kwamba uuzaji unaopimwa kwa matokeo ulianza na intaneti hajafika Mtaa wa Biashara, Mombasa. Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, alizitia kanga zake alama ya “Mali ya Abdulla”, na ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa mwanzilishi wa kuandika misemo ya Kiswahili kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo na mji huvutia macho. Jina ndilo linaloamua kama doti itaondoka dukani. Jina lisilopendwa hubaki kwenye rafu, na mwenye duka huliona kwa macho yake kila asubuhi. Kipimo hicho ni kikali kuliko mbofyo, kwa kuwa kubofya hakumgharimu mtu kitu na kanga hununuliwa kwa fedha taslimu.

Jina gani huuza? Saida Yahya-Othman katika makala yake ya 1997, na Rose Marie Beck katika kitabu chake cha 2001, walikwisha kuonesha kwamba nguvu ya kanga imo katika kusema bila kusema. “Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake” haimtaji mtu. “Japo sipati, tamaa sikati” haisemi ni tamaa ya nini. Nafsi ya kwanza katika majina haya ni nafsi tupu, iliyoshonwa tayari na kusubiri mvaaji. Mwanamke anayenunua hanunui maoni ya kiwanda. Ananunua sentensi atakayoisema yeye, kwa jirani anayemjua yeye, siku atakayoichagua yeye. Akiulizwa, anaweza kujibu kwamba alipenda rangi.

Kwa lugha ya masoko tungesema kwamba kanga inamkabidhi mteja kazi ya kusambaza. Maelezo hayo yanapitwa na jambo lililo muhimu zaidi: inamkabidhi pia maana. Muuzaji anabaki na alama yake ndogo ukingoni, K.H.E., na hadai kwamba maneno ni yake. Huu ni unyenyekevu ambao chapa za leo zimeupoteza. Nao ndio uliomfanya Abdulla akumbukwe.

Kaulimbiu chache na sarufi yake

Tukiwa na kipimo hicho mkononi, tuzitazame kaulimbiu chache za kampuni kubwa. Nimezichagua kwa sababu zimetoka kwenye matangazo zikaingia midomoni.

“Yajayo yanafurahisha” ya Vodacom Tanzania ilitokana na kaulimbiu ya dunia nzima ya kundi la Vodafone iliyotolewa 2017, ambayo kwa Kiingereza ilisema tu kwamba mustakabali unasisimua. Mfasiri aliyekariri kamusi angetupatia “Mustakabali ni wa kusisimua”, na leo tusingekuwa na la kujadili. Huyu aliyefasiri alifanya mambo mawili. Kwanza, aliitupa nomino. Yajayo ni kirejeshi kisicho na kichwa. Ya- inaashiria mambo, lakini mambo hayatajwi. Muundo huo tumeuzoea katika methali “Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo”, na sikio la Mswahili linalisikia tangazo likiwa limeegemea methali hiyo bila kuinukuu. Pili, alitumia kauli ya kutendesha bila shamirisho: yanafurahisha, lakini yanamfurahisha nani? Haisemwi. Pengo hilo ndilo lililoifanya sentensi ifae kwa kejeli. Nimeisikia ikitolewa na shabiki aliyetangaziwa mchezaji mpya, na nimeisikia kwa kondakta wa daladala aliyeitazama foleni isiyo na mwisho, akavuta pumzi na kuitamka. Wa kwanza alimaanisha alichosema, wa pili alimaanisha kinyume chake, na wote wawili walimtangazia Vodacom bure. Kipimo cha mtandao hakikuwasajili.

Kabla yake kampuni hiyohiyo ilikuwa na “Kazi ni kwako”, nayo ikiwa mbadala wa kaulimbiu ya Kiingereza iliyomwahidi mteja nguvu. Mbadala huo ni wa ujasiri. Mswahili husema “kazi kwako” anapomaliza kutoa nasaha na kunawa mikono: nimekwambia, shauri lako. Kuna onyo dogo ndani yake. Kampuni iliyotaka kumbembeleza mteja ikajikuta inasema naye kama shangazi aliyechoka kushauri, na mteja akaipenda sauti hiyo kwa sababu aliijua. Sina uhakika kwamba waliokaa kwenye kikao cha kuipitisha waliisikia sauti ya shangazi. Haidhuru.

“Twaweza”, iliyotumiwa na Safaricom kuanzia 2017, ni neno moja ambalo ni sentensi kamili, na katika hilo Kiswahili kina neema ambayo lugha nyingi za matangazo hazina: kiambishi cha nafsi, cha wakati na mzizi wa kitenzi huingia katika herufi saba. Kilicho muhimu zaidi ni -a-. Nairobi husema tunaweza. Twaweza ni ya pwani na ya utenzi. Wakati wake haudhihiriki, hauelekezi leo wala kesho. Tunaweza ni taarifa kuhusu uwezo wa sasa. Twaweza inakaribia kiapo. Hapa kampuni ya teknolojia ilijipatia upekee kwa kurudi nyuma kwenye umbo la kale, jambo ambalo jaribio la kulinganisha matangazo mawili lisingelipendekeza kwa urahisi, kwa kuwa umbo lililozoeleka ndilo husomwa haraka. Tukumbuke pia kwamba jina lilelile lilikuwa tayari likitumiwa na asasi ya kiraia ya Afrika Mashariki tangu 2009. Upekee wa kaulimbiu, basi, hautegemei kuwa peke yako na neno.

Bia ya Tusker ilipojitangaza kwa “Bia yangu, nchi yangu” ilipata, labda bila kuhesabu, kipande kamili cha mizani nane: bi-a-ya-ngu, n-chi-ya-ngu, nne kwa nne. Kwa kuwa bia na nchi zote ni za ngeli ya I-ZI, kina cha -ngu kilitolewa na sarufi bila gharama. Jaribu “Kinywaji changu, nchi yangu” uone kinavyoporomoka. Maudhui yake yanahitaji ukali zaidi kuliko umbo lake, kwa sababu kuilinganisha bia na nchi kunawaacha nje ya nchi wale wote wasioinywa. Lakini umbo limekuwa imara kiasi kwamba pingamizi hilo husikika kwa nadra.

Na Yanga, ambao hawauzi bia wala vifurushi, wana “Daima mbele, nyuma mwiko”, bila kitenzi hata kimoja. Vielezi viwili vya mahali vimekutana katikati ya sentensi kama watu wawili mlangoni. Watani wao wa jadi wanapoigeuza kaulimbiu hiyo hucheza na maana ya pili ya mwiko, kile chombo cha kusongea ugali, na utani wenyewe haufai kuandikwa katika jarida hili. Ila kuweza kugeuzwa ni sehemu ya uhai wake. Kaulimbiu ambayo mtani hawezi kuipindua haijaingia mtaani.

Kiswahili cha wakala

Linganisha na Kiswahili kinachomwagwa kila siku kwenye kurasa za kampuni. Furahia intaneti yenye kasi. Usisite kuwasiliana nasi. Jipatie sasa. Huduma rahisi, haraka na salama. Hakuna kosa la tahajia hapo, na mkaguzi wa makosa angepita akitabasamu. Hata hivyo kila sentensi imevaa nguo ya kuazima.

Kufurahia katika Kiswahili huhitaji tukio: mtu hufurahia harusi, hufurahia kurudi kwa mwanawe. Kumwamuru mtu afurahie kifurushi ni kunakili kitenzi cha Kiingereza pamoja na adabu yake. “Usisite” nayo inamdhania mteja hofu ambayo hakuwa nayo. Mwenye duka wa Kiswahili husema karibu, na hilo linatosha. Mfano wa rahisi, haraka na salama unastahili kutazamwa kwa karibu. Utatu huo wa vivumishi ulitengenezwa kwa lugha nyingine. Kwetu haraka ni nomino na kielezi kabla ya kuwa sifa ya kitu, na ina mzigo wa kimaadili: haraka haraka haina baraka. Benki inayojisifu kwa haraka inajisifu kwa jambo ambalo methali imelikemea. Kiswahili kina papo hapo na papo kwa papo, ambazo hazina lawama. Mwandishi wa tangazo hakuzichagua kwa kuwa hakuwa akiandika, alikuwa akijaza.

Ninatumia neno kujaza kwa makusudi. Mifumo ya matangazo ya mitandao ya kijamii humruhusu mtangazaji kupakia vichwa kadhaa, picha kadhaa na maelezo kadhaa, kisha mfumo wenyewe huvichanganya na kuendelea kuonesha mchanganyiko unaoitikiwa. Katika mpangilio huo sentensi haiandikwi ili isimame. Huandikwa iweze kukaa chini ya picha yoyote, pamoja na kichwa chochote, na kuondolewa Ijumaa. Kiambishi kama zi- ya “Zimeshuka!” hakiwezi kuishi humo, kwa sababu kinahitaji picha moja maalumu ndipo kieleweke. Kitakachosalia ni maneno yanayoenea popote, na maneno yanayoenea popote si ya mtu.

Wafanyabiashara wadogo wameponea kwa sehemu fulani. Soma kurasa za wauza nguo wa Kariakoo: Mzigo umetua. Wahi yako. Mikoani tunatuma. Jumla na rejareja. Tupo mtaa wa Msimbazi. Ni lugha ya mnadi na mpigadebe iliyohamia kwenye simu. Tupo ina -po ya mahali palipo dhahiri, na katika ulimwengu ambamo utapeli wa mtandaoni ni wa kila siku, mofimu hiyo moja ndiyo dhamana ya muuzaji: niko mahali, unaweza kunifuata. Wahi yako ni kimilikishi kisicho na kichwa, ndugu wa yajayo. Nguo haijanunuliwa na tayari ni yako. Sitaki kuwapamba kupita kiasi. Desturi yao ya kuificha bei na kumtaka mnunuzi aje kwenye ujumbe wa faragha ndipo aambiwe inachosha, na haitokani na utamaduni wa kupatana peke yake. Kila ujumbe unaoingia unahesabiwa kuwa mwitiko, na mwitiko huupandisha ukurasa. Hata hapa kipimo kimeanza kuandika badala ya mwandishi.

Kubashiri, mkeka na kausha damu

Hadi hapa mtu anaweza kudai kwamba tunajadili ladha. Kuna mahali ambapo Kiswahili kinachopimwa kwa matokeo kina waathirika.

Kamari ina jina lake la kale, na jina hilo limebeba hukumu. Sheria na taasisi huiita michezo ya kubahatisha. Matangazo yamechagua kubashiri. Kitenzi hiki ni cha familia moja na bishara, habari njema; hadi juzi alibashiri mtu mwenye ujuzi au mwenye maono, na mtabiri wa hali ya hewa alikuwa jirani yake. Kwa kukihamishia kwenye tiketi ya mechi za Jumamosi, tangazo linamhesabu kijana mwenye elfu moja mfukoni kuwa mjuzi wa mambo yajayo. Mtaani wana maneno yao: kubeti, na mkeka kwa orodha ya mechi alizozichagua mtu. Mkeka ukichanika, fedha zimekwenda. Sitiari hii ya mtaani ni ya kweli kuliko ile ya kampuni, kwa kuwa inakiri kuchanika. Tazama lakini kilichofuata. Matangazo yalichukua mkeka, yakaacha kuchanika. Nusu ya sitiari ilinunuliwa na nusu yenye maumivu ikaachwa kwa wenyewe. Kama kipimo chetu ni mwitiko, hiyo ni kazi bora kabisa. Kwa mhakiki ni wizi wa nusu neno.

Mikopo ya mtandaoni inatupatia mfano wa kinyume. Wakopeshaji hujitangaza kwa maneno tuliyokwisha kuyaona, rahisi, haraka, bila dhamana, na hakuna mwenye jina linalokumbukwa. Jina linalokumbukwa wamepewa na wakopaji: kausha damu. Kimuundo ni kitenzi na nomino, kama zimamoto, chemshabongo na mulika mwizi iliyotajwa juu. Ni muundo wa kutaja kitu kwa kazi yake, na damu inayokaushwa haisemwi ni ya nani, kama ilivyo kwa majina ya kanga. Jina hili halikulipiwa, halina nembo wala rangi. Limeingia magazetini na katika hotuba za viongozi, na anayelisikia mara ya kwanza haombi maelezo. Kwa vigezo vyote vya Romaniuk hii ni chapa yenye upekee, ila imepachikwa na wale waliopaswa kuwa wateja.

Kipimo cha mkopeshaji hakiwezi kuiona. Mama anayemwambia jirani yake sokoni “hiyo ni kausha damu” hafanyi lolote kwenye skrini. Kinachotokea ni kwamba jirani haibofyi programu, na kutobofya huko kunachanganyika na kutobofya kwa maelfu ya watu waliokuwa wakipita tu. Kwa wakala, tangazo limefanya vibaya kidogo wiki hii, na dawa yake ni kubadilisha picha.

Katika semina ya muhula huu wanafunzi wangu wanakusanya majina ya namna hii kutoka masoko ya Dar es Salaam na vituo vya daladala: ya bidhaa, ya mikopo, ya simu, ya vyombo vya usafiri. Nimewakataza kuandika safu ya makosa. Mengi waliyoyaleta hadi sasa ni ya kitenzi na nomino, machache ni ya kirejeshi kisicho na kichwa, na mawili yana upatanisho ambao bado tunaubishania.